Mkomazi, Miguuni mwa Milima ya Upare: Mwongozo kwa Familia Zinazotoka London

Shule za London zikifungwa mwishoni mwa Julai, familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki huanza kufunga mizigo. Mpango huwa ule ule: wiki mbili kwa bibi, siku chache Zanzibar, na mfuko ukiruhusu, Serengeti au Ngorongoro. Mkomazi haitajwi. Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi likishapita Korogwe, milima hukaa mkono wa kulia karibu safari yote iliyobaki, kwanza Usambara, kisha Upare. Nyuma ya milima hiyo kuna hifadhi ya taifa yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,200. London yote, pamoja na viunga vyake, ingeingia humo mara mbili na nafasi ikabaki. Abiria wengi hupita mji wa Same, ulio kilomita chache tu kutoka lango lake, bila kujua kuna nini ng'ambo.

Makala hii inamlenga mzazi anayeishi London na anayetaka mwanawe aione nchi ya kwao zaidi ya sebule za ndugu. Naamini Mkomazi inamfaa mzazi huyo kuliko hifadhi nyingi zenye majina makubwa. Ipo karibu na barabara kuu, magari ni machache kiasi kwamba mnaweza kukaa na mnyama mmoja asubuhi nzima bila kusukumana na mtu, na historia yake ya karibu imefungamana na London kwa namna ambayo wengi wetu hatujawahi kuambiwa.

Milima ndiyo iliyoikausha

Ukitaka kuielewa Mkomazi, anza na mawingu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima ya Usambara na Upare, zikapanda, zikapoa, zikamwaga mvua huko huko juu. Ndiyo maana mlimani kuna misitu minene, migomba na mashamba ya tangawizi, na ndiyo maana Wapare waliweza kujenga ndiva, yale mabwawa yao ya jadi ya kukinga maji ya vijito na kuyagawa mashambani kwa zamu. Upepo ukishavuka upande wa pili hauna kikubwa cha kutoa. Nchi iliyo chini, kaskazini-mashariki mwa milima, inaambulia mabaki. Mtoto aliyesoma habari za kivuli cha mvua darasani ataikuta imeandikwa ardhini: wingu limelala juu ya Upare Kusini, ambako kilele cha Shengena kinazidi mita 2,400, na yeye yuko kwenye udongo mwekundu mkavu katikati ya migunga na mibuyu.

Ukavu huo ndio uliowapa nafasi wanyama ambao hutawapata kirahisi Serengeti. Wa kwanza kumtafuta ni swala twiga. Mkimwona, zimeni injini na mngoje. Atafika kwenye kichaka cha miiba, atajiinua, na kusimama wima kwa miguu ya nyuma kama mtu, kiuno kimenyooka, miguu ya mbele ikigusa matawi kwa kuegemea tu. Shingo yake nyembamba hupenya kati ya miiba, na midomo midogo huchuma jani moja moja mahali ambapo swala mwingine hawezi kufika. Hana haja kubwa ya kwenda kisimani, kwa kuwa maji yake mengi huyapata kwenye majani hayo hayo. Huyu ni mnyama wa Pembe ya Afrika, wa Somalia na kaskazini mwa Kenya, na huku kaskazini mwa Tanzania ndiko mwisho wa nchi yake upande wa kusini.

Choroa naye ni wa ukoo huo wa ukame. Ana pembe mbili ndefu zilizonyooka, dume na jike sawa, na uso wenye mabaka meusi. Mwili wake unaweza kuvumilia joto kupanda mchana bila kupoteza maji kwa jasho, kisha hulipoza usiku. Tandala mdogo, mwenye mistari myeupe ubavuni, ni wa vichakani na ana aibu; mara nyingi utaona mkia ukipotea. Pofu, kongoni, pundamilia, twiga na nyati wapo. Simba, chui na duma wapo pia, lakini nyasi na vichaka huwaficha, na dereva anayekuahidi simba kabla hamjaingia langoni anakuuzia maneno. Kwa ndege, hifadhi ina zaidi ya aina 400. Watoto hupenda kumwangalia karani tamba akitembea kwa madaha nyikani akitafuta nyoka, na yule kanga wa nchi kame mwenye kifua cha buluu na kichwa kisicho na manyoya.

Upande wa kaskazini hakuna ukuta. Mkomazi inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, na mnyama hahitaji pasi kuvuka. Tembo hasa ndio wasafiri wakubwa: mvua zikinyesha huja kusini kwa makundi, nchi ikikauka wengi wao hurudi kwenye maji ya kudumu.

London ilivyoingia humu

Serikali ya kikoloni ilitangaza Mkomazi kuwa pori la akiba mwaka 1951. Katika miaka ya 1960 faru weusi walikuwa zaidi ya 100 humo. Kabla muongo wa 1980 haujaisha, ujangili ulikuwa umewamaliza wote. Mwaka 1989 Serikali ya Tanzania ilimkaribisha Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa amekaa miaka mingi na mhifadhi wa wanyama George Adamson huko Kora, Kenya, akirudisha simba na chui porini. Mfuko wenye jina la Adamson, wenye makao yake Uingereza, ukachangisha fedha za barabara, matrekta, redio na uzio wa eneo maalumu la faru. Kazi hiyo haikuwa ya faru peke yao, kwani mbwa mwitu nao walizalishwa humo na kuachiwa.

Faru wa kwanza walifika mwaka 1997 kutoka Addo, Afrika Kusini, na wao wenyewe walikuwa wajukuu wa faru waliochukuliwa Kenya katika miaka ya 1960. Mwaka 2009 wakaja wengine kutoka bustani ya wanyama ya Jamhuri ya Cheki. Mwaka 2012 ikawa zamu ya bustani ya wanyama ya Port Lympne, katika jimbo la Kent, mwendo wa takriban saa mbili kwa gari kutoka London: faru watatu waliozoea mvua ya Uingereza walipakiwa kwenye ndege na kushushwa Tanzania. Faru aliyekulia Ulaya hajawahi kuumwa na mbung'o, kwa hiyo mwili wake haujui kupambana na nagana, ugonjwa anaoueneza mdudu huyo, na ilibidi wazoeshwe pole pole chini ya uangalizi wa madaktari wa mifugo. Fitzjohn alifariki mwaka 2022. Eneo la faru sasa liko mikononi mwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na wageni huruhusiwa kulitembelea kwa utaratibu maalumu. Lipia na panga hilo kabla ya kusafiri, usisubiri kuuliza langoni.

Ndani ya London kwenyewe, jumba lenye historia na Mkomazi ni la Royal Geographical Society, pale Kensington Gore. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 chama hicho, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na Idara ya Wanyamapori ya Tanzania, kilifanya utafiti mkubwa wa viumbe wa Mkomazi, na matokeo yake yakachapishwa kama kitabu mwaka 1999. Kwenye matawi ya migunga peke yake walikuta wadudu wengi ajabu, wengine wakiwa hawajawahi kuandikwa na sayansi. Katikati ya miaka ya 2000 pori hilo la akiba likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa.

Kuna upande wa pili wa habari hiyo, na watoto wetu wanastahili kuusikia. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakichunga na kuishi ndani ya pori, wakiwemo Wamasai na Waparakuyo, waliondolewa pamoja na mifugo yao. Baadhi walikwenda mahakamani. Kulikuwa na fidia kwa wachache, lakini mahakama haikuwarudisha ndani. Watu hao na watoto wao bado wanaishi vijijini kando ya mpaka, na ndio ambao mashamba yao huvamiwa na tembo. Mimi napenda hifadhi hii, na sioni kuwa kuipenda kunanizuia kusema kwamba waliolipa gharama yake si waliochangisha fedha London. Ukipata nafasi ya kununua asali, mboga au chakula vijijini, nunua. Ukimpata mwenyeji wa kukuongoza, mpe yeye kazi hiyo.

Lini uende

Likizo ya Agosti inaangukia kiangazi. Nyasi ni fupi, njia ni kavu, wanyama hukusanyika penye maji kama bwawa la Dindira, na mbu ni wachache kuliko msimu wa mvua. Kwa familia yenye watoto wadogo, huo ndio wakati ninaoupendekeza. Kasoro yake ni tembo, kwa kuwa wengi huwa wamekwenda Tsavo. Likizo ya Krismasi huja baada ya mvua za vuli: nchi ni ya kijani, tembo wanaweza kuwa wengi, ndege wahamiaji wa Ulaya wamefika, lakini udongo mweusi wa mabondeni hunata na hata gari lenye nguvu hukwama. Machi hadi Mei, mvua za masika, usiende na watoto.

Ndege za moja kwa moja kutoka London hadi Tanzania hakuna. Wengi hufika Uwanja wa Kilimanjaro kwa kupitia Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam, kisha barabara ya lami kupitia Moshi hadi Same, kwa kiasi cha saa tatu ukihesabu na mapumziko. Anayetoka Dar es Salaam ana siku nzima barabarani. Lango linalotumiwa zaidi ni Zange. Jazeni mafuta na maji Same, na laleni hapo mkitaka nafuu, kwa sababu malazi ndani ya hifadhi ni machache na hayana duka la jirani. Gari liwe la kuendesha magurudumu yote manne.

Pasipoti na malipo

Familia zetu huwa na pasipoti mchanganyiko, na hapa ndipo bajeti huharibika. Mwenye pasipoti ya Uingereza, hata akiwa mtoto mchanga mwenye bibi Mwanga, anahitaji viza ya Tanzania. Ya kawaida ni dola 50 na huombwa mtandaoni kabla ya safari kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Jihadharini na tovuti za mawakala zinazofanana nayo na kutoza zaidi. Raia wa Kenya na Uganda hawahitaji viza. Tanzania haitambui uraia pacha kwa watu wazima, kwa hiyo aliyechukua uraia wa Uingereza asijaribu kuingia kwa pasipoti ya zamani.

Langoni hali ni ile ile. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo. Wengine hulipa kwa dola, kiasi kikubwa. Mama mwenye pasipoti ya Tanzania na watoto wenye za Uingereza watalipa viwango tofauti ndani ya gari moja, na mhifadhi wa langoni hana mamlaka ya kubadilisha hilo kwa sababu mnaongea Kiswahili kizuri. Watoto walio chini ya miaka mitano huingia bure. Fedha taslimu hazipokelewi: hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu. Viwango hubadilika, basi angalieni orodha ya TANAPA ya mwaka husika kabla ya kupanga.

Malaria: hapa msipunguze

Mtoto aliyezaliwa London hana kinga ya malaria. Na mzazi aliyeugua malaria mara nyingi utotoni kwao Tanga, akikaa Uingereza miaka kadhaa, kinga ile hufifia. Hili halikubaliki kirahisi nyumbani. Utasikia shangazi akisema kwamba dawa za kinga ni za Wazungu. Takwimu zinasema vingine. Mwaka 2023 watu waliogunduliwa Uingereza kuwa na malaria waliyoipata safarini walizidi 2,000, idadi ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka hadi mwaka walio wengi ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona ndugu, tena bila kumeza kinga. Hao ni sisi.

Nenda kwa daktari wako, kliniki ya wasafiri au duka la dawa wiki nne hadi sita kabla ya kuondoka. Chanjo za homa ya ini aina ya A na homa ya matumbo hutolewa bila malipo na NHS. Dawa za kuzuia malaria kwa kawaida mnanunua wenyewe. Atovakwoni na proguanili, zilizochanganywa katika kidonge kimoja, huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo lenye malaria na kuendelezwa siku saba baada ya kutoka. Doksisaiklini huendelezwa wiki nne baada ya kutoka, na haipewi watoto walio chini ya miaka 12. Kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake, kwa hiyo msigawane vidonge vya mtu mzima kwa kukisia. Mjamzito azungumze na daktari kabla hata ya kununua tiketi. Pamoja na dawa, tumieni neti iliyotiwa dawa, mafuta ya kufukuza mbu yenye diiti, na mikono mirefu jua likizama.

Homa ya manjano: atokaye London bila kukaa nchi nyingine njiani haulizwi cheti. Lakini ukikaa zaidi ya saa 12 Nairobi au Addis Ababa, au ukatoka uwanjani kuwasalimu ndugu, unaweza kutakiwa kukionyesha unapoingia Tanzania. Chanjo hiyo hulipiwa katika vituo vilivyosajiliwa tu, na cheti chake hudumu maisha yote. Kateni pia bima inayogharimia kusafirishwa kwa dharura. Hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu na Mkomazi ni KCMC, Moshi.

Mkiwa ndani

Ingieni lango likifunguliwa alfajiri. Saa hizo ndizo za wanyama, na kukiwa hakuna mawingu Kilimanjaro huonekana upande wa kaskazini-magharibi kabla haijajifunika. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Msishuke garini isipokuwa mahali palipoonyeshwa, hata kama mtoto amebanwa. Mwambieni dereva, yeye anajua pa kusimama. Tembo akikunja mkonga na kutanua masikio, msipige honi wala kuwasha taa. Rudini nyuma taratibu.

Vaeni rangi za kaki au kahawia hafifu. Buluu iliyokoza na nyeusi, ambazo ndizo rangi za makoti yetu ya London, huwavuta mbung'o, nao huuma hadi kupenya nguo nyembamba. Mavazi ya madoadoa ya kijeshi acheni nyumbani kabisa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, basi mizigo yenu ifungeni kwenye vitambaa. Droni hairushwi bila kibali. Na nyani msiwape biskuti, kwa kuwa nyani aliyezoea kulishwa huishia kuvamia magari na kuuawa.

Watoto wakiandaliwa kabla, safari hubadilika. Jumba la makumbusho ya viumbe la South Kensington halina kiingilio. Wapelekeni siku ya mvua, watazame mifupa na midomo ya ndege, wajiulize kila kiungo kina kazi gani. Port Lympne inalipiwa, lakini mtoto atakayemwona faru mweusi Kent mwezi wa Mei, kisha Agosti akaona mahali faru wa kutoka huko walipopelekwa, atakuwa na maswali ambayo hakuna kitabu kitakachomlazimisha kuyauliza. Bebeni darubini, moja kwa kila watoto wawili. Kumwona swala twiga kwa macho matupu ni kuona kijiti.

Mkirudi

Forodha ya Uingereza hairuhusu kuingiza nyama, maziwa wala samli kutoka Tanzania, hata kikopo kimoja alichokufungia mama mkwe, na vyote hutaifishwa. Nyama ya porini, kipande chochote, ni kosa katika nchi zote mbili. Msinunue kitu chochote cha pembe ya ndovu, ngozi ya mnyama, gamba la kasa au matumbawe, hata muuzaji akiwa na karatasi.

Malizeni dozi ya kinga ya malaria mkiwa London, ingawa hamuoni mbu. Wengi huacha wakishatua tu, na vijidudu vilivyojificha mwilini hupata nafasi. Mtu yeyote kati yenu akipata homa, baridi, kuumwa kichwa au, kwa mtoto, kutapika na kulegea, ndani ya mwaka mmoja tangu mrudi, tafuteni huduma siku hiyo hiyo: pigeni 111, au nendeni idara ya dharura hali ikiwa mbaya. Semeni neno la kwanza kabisa kwamba mlikuwa Tanzania, na ombeni kipimo cha damu cha malaria. Daktari wa London anaona mafua mia kabla ya kuona malaria moja, naye hawezi kukisia mlikotoka msipomwambia. Kipimo kikitoka safi na homa ikaendelea, rudini kesho yake mpimwe tena.